Bangili ya Mwalimu Zamda

Tangu serikali igharamie mafunzo ya kung'oa ubaguzi uliojificha mioyoni mwa walimu, kila mwalimu alivishwa bangili inayolia moyo wake unapombagua mtoto. Haivuliki, hata nyumbani.

Jioni moja Mwalimu Zamda alimpakulia chakula Tunu, binti wa mumewe kwa mke wa kwanza, marehemu. Bangili ikalia. Akamwongezea mnofu. Ikazidi kulia.

“Mwanangu kakukosea nini?” mumewe, Mwakisu, alifoka.

“Baba Tunu, nampenda huyu mtoto!”

“Kiambie hicho chuma, usiniambie mimi!”

Kesho yake Tunu hakuonekana mkekani. Mwakisu alimkuta jikoni, kajibanza nyuma ya mlango na sahani yake.

“Nani kakufukuza?”

“Hakuna, baba. Nikila huku hailii.”