Jina la Mmiliki wa Nne

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, gari la Mbwambo la mwaka 2031 lilikataa kuwaka kwa mara ya sita. Kisheria, gari kuukuu huwashwa kwa kulitajia wamiliki wake wote wa zamani, kwa majina waliyoitwa ndani yake. Lisipowaka kufikia adhuhuri, lingeyeyushwa.

Mkewe, Nakiete, alimletea chai. "Baba Chiku, bado unalibembeleza?"

"Linamkataa wa nne, Elifuraha Msangi. Na hati ninazo."

"Hilo ni jina la ofisini," alicheka, akiingia upande wa abiria kwa mara ya kwanza tangu linunuliwe. "Jaribu Kasuku."

Mbwambo alijaribu. Gari liliwaka, wakapongezana. Kisha kiti cha Nakiete, ambacho hujirekebisha kwa abiria kinayemkumbuka tu, kilisogea mbele, kikamkaa sawasawa.