Digidigi Asogeza Mpaka

Digidigi na Paa walikuwa majirani, na mpaka wao ulikuwa lundo la mavi ambalo kila mmoja aliliongeza kutoka upande wake. Digidigi akaanza kunya mbele kidogo kila siku. Paa, asiyependa ugomvi, akarudi nyuma na kurudi nyuma, hata akahama kabisa.

Asubuhi moja Chui alitokea upande ule wa Paa. Digidigi aliponea chupuchupu. Zamani Paa angepiga mluzi mapema.

Digidigi akamfuata Paa alikohamia.

“Jirani, rudi bwana.”

“Ala! Si ulitaka nchi kubwa?”

“Niliitaka, nikaipata. Sasa nalala jicho moja wazi.”

Paa akacheka, wakarudi pamoja. Kabla ya lolote, walikwenda kwenye lundo la zamani wakaliongeza, kila mmoja kutoka upande wake.