Boga la Ghorofa ya Tatu

"Leo ni leo!" bibi wa ghorofa ya nne alisema, akashika mkasi. Miezi mitatu alikuwa ameubembeleza mmea wa boga kwenye ndoo ya roshani, nao ukamlipa maua matupu.

Akauvuta kabla ya kuukata. Ukagoma.

Akachungulia chini. Mmea ulikuwa umeteremka hadi kwa fundi cherehani, jirani aliyemnunia tangu maji ya ndoo hiyo yalipolowesha nguo za wateja wake. Na pale, kwenye nondo za roshani ya fundi, boga nono lilining'inia ndani ya mfuko wa kitambaa wenye vifungo viwili, uliolikaa sawasawa kama sare mpya ya shule.

"Fundi! Umelivisha nguo boga langu?"

"Lingeanguka, bibi," fundi akajibu, akijitahidi bado kununa. "Na nimeliachia pindo. Mtoto bado anakua."