Kiwanja cha Iyunga

"Umekosea kwenye barua ya makubaliano, Benedicta. Palipoandikwa kiwanja, weka kiwanda," mkuu wa ofisi alisema, akarudi chumbani kwake kunywa chai.

Benedicta hakuwa amekosea. Kwenye mkutano wa Iyunga alikaa mbele kabisa na daftari lake, akawasikia wazee wakikubali kutoa mashamba yao kando ya reli mpya ya Wachina, vijana wapate kiwanja cha mpira. Kiwanda hakikutajwa na mtu.

Lakini kazi ni kazi. Akaifuta ile j kwa kifutio mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, akagonga d kwa taipureta.

Mara akaingia mzee mwenye shamba kubwa kuliko yote, amekuja kutia dole gumba. Koti lake lilinuka utomvu wa miti ya milingoti.

"Nguzo za goli nimeshachonga, mwanangu. Nne, zimenyooka hasa! Nitie wapi dole?"

Benedicta akamwonyesha. Mzee akachovya dole kwenye wino, akaiinua barua kwa mkono wa pili. Kisomo cha watu wazima alikitoroka zamani, lakini macho alikuwa nayo: mwanga wa dirisha ulipenya karatasi mahali pamoja tu.

"Hapa pamefutwa. Pameandikwa nini?"

Chumbani kwa mkuu kijiko kilikuwa kikikoroga chai.

"Kiwanda, baba," Benedicta akajibu kwa sauti kubwa, akiikaza ile d kama anayegongelea msumari.

Mzee akalifuta dole lake kwenye koti, polepole.

Kijiko kikanyamaza.