Foleni ya Gurudumu

Kwa mara ya tatu tangu saa saba mchana, yule mama wa kitenge cha njano alirudi kutoka chooni na kuomba nafasi yake.

"Nilikuwa hapa, mama," alisema, akijipenyeza mbele ya Evodia.

"Kweli kabisa, alikuwa hapa," alidakia Gervas, kijana mwembamba aliyekuwa mtu wa pili mbele yake.

Evodia alimpisha. Kisha akamnong'oneza mumewe, Amosi, kwamba watu wa Singida mjini sijui wanakunywa nini. Kila baada ya muda mfupi mmoja wao anakwenda nyuma ya yale mabati ya chooni, na akirudi lazima arudi mbele yako.

Walikuwa wametoka Mtinko alfajiri kwa ajili ya gurudumu hilo, lile kubwa la kuzungusha watu angani, lililosimamishwa kwenye uwanja wa karibu na ziwa. Mwaka jana Evodia alipanga foleni mpaka giza likaingia, akarudi nyumbani bila kupanda. Wanawake wa kwaya walimcheka hadi Krismasi. Safari hii aliwaambia atapanda, na asipopanda wasimwite tena Mama Peniel. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya gurudumu, na gari la mwisho la Mtinko linaondoka saa kumi na moja.

Pembeni ya foleni kulikuwa na njia nyingine, imetandikwa zulia. Hiyo ilikuwa ya walionunua utepe mwekundu wa kuvaa mkononi. Walishuka kwenye magari yao na miwani yao ya jua, wakapita wakitazama simu, bila hata "habari zenu". Ng'ombe wakipishana kisimani hutazamana, lakini hawa hapana. Mtoto wa mmoja wao alikuwa anapandishwa mara ya nne, analia kwamba amechoka, na mama yake anamwambia avumilie kwa sababu imeshalipiwa.

"Utepe mwekundu!" Edward, muuzaji wa tepe, alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Ukiuvaa, foleni huijui!"

"Huo ni wizi wenye risiti!" Gervas alimjibu kwa nguvu. "Sisi tunaungua jua, wao wanapita! Kwani jua lao ni jingine?"

Foleni nzima ilimpigia makofi. Evodia alipiga zaidi ya wote. Alifurahi kuona kwamba bado kuna kijana mwenye akili.

"Mimi siwezi kulipa ili nimpite mwenzangu aliyewahi," alimwambia. "Nitamtazama usoni namna gani?"

"Sema, mama! Waambie!"

Ilipofika saa kumi, walikuwa wamesogea hatua mbili. Gervas aligeuka, na safari hii aliongea taratibu.

"Mama, ungenunua tu huo utepe. Mimi ningekuwa na hela ningenunua."

"Na maneno yako yote yale?"

"Maneno hayapandi gurudumu, mama yangu. Utarudi tena bila kupanda."

Amosi ndiye aliyetoa pesa kwenye mfuko wa shati. Bei ya utepe mmoja ilikuwa sawasawa na nauli ya watu wawili mpaka Mtinko.

"Tutalala kwa dada yangu," alisema.

Evodia na huyo wifi yake walikuwa hawajasalimiana miaka miwili kwa sababu ya mbuzi. Alimtazama mumewe, akatazama gurudumu.

"Na wewe?"

"Mimi nina tiketi yangu ya kawaida. Nitangoja na wenzangu. Nenda, Mama Peniel."

Alikwenda. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu aolewe. Aliufunika utepe kwa khanga, na kila aliyempita alimwambia, "Mnisamehe, wenzangu. Mnisamehe sana." Nao walimsamehe vizuri ajabu. Hakuna hata mmoja aliyemnunia. Yule mama wa kitenge cha njano alimpigapiga begani, na Gervas akampungia mkono.

Alipofika kwenye gurudumu alikuta zaidi ya nusu ya viti ni vitupu.

"Mbona havina watu?"

"Ni vya wenye utepe, mama," alisema mfungaji wa minyororo ya viti. "Kaa vizuri."

Gurudumu likaondoka. Evodia alimwita Yesu, kisha akacheka, kisha akalia kidogo kwa furaha. Aliona ziwa lote, mawe makubwa, na mabati ya mji yanayong'aa. Upande wa kaskazini alidhani anaona njia ya kwao. Hakujutia nauli hata kidogo. Kiti chake kilipofika juu kabisa gurudumu likasimama, naye akatazama chini amtafute Amosi ampungie mkono.

Kutoka kule juu aliona kwamba nyuma ya yale mabati ya chooni hapakuwa na choo. Palikuwa na turubai, mabenchi, na sufuria la wali. Edward alikuwa ameketi na daftari, anaita majina. Mama wa kitenge cha njano alitia dole gumba, akapokea noti zake za kibarua cha siku, akazifunga kwenye pindo. Gervas alifuata. Edward alimpa mkono, akamhesabia, akacheka, akamwongezea moja.

Walikuwa wakija watano watano, wanatia dole, wanapokea, wanakaa kula. Baada ya watano wa mwisho kuingia nyuma ya mabati, kwenye foleni ndefu ya tangu asubuhi alibaki mtu mmoja, Amosi, pale pale alipomwacha, ameitandaza mikono yote miwili, akiwalindia wenzake nafasi.