Kontena la Mama Usitupe

Kitendawili changu cha leo ni hiki, na usikimbilie kujibu. Mdomo wake ni mpana kuliko mlango wa nyumba, anameza makabati na vitanda bila kutafuna, lakini ukimpa betri ya tochi anakutapikia. Umeshindwa? Usinipe mji, leo nakujibia bure. Ni kontena la taka la kukodi, na siku hiyo lilikuwa limeshushwa mbele ya nyumba ya mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Usitupe.

Jina hilo alilipata kwa haki. Kwa miaka tisa hakutupa kitu kilichoharibika. Redio bubu, pasi zilizoungua, feni zilizovunjika shingo, vyote alivipanga sebuleni mpaka vikaziba dirisha. Kila kimoja alikifunga kwa uzi kipande cha boksi, akakiandikia ugonjwa wake: “Inanguruma, haisemi.” “Inapata moto upande mmoja.” Fundi wa mtaani alipokuja kuomba avitengeneze kwa bei ya ujirani, alifukuzwa kama mwizi wa kuku.

Binti yake alichoka. Walizaliwa wawili, ila kaka mtu alikwenda nchi za mbali kutafuta maisha, akiwa na nguo mbili na begi la bisibisi. Simu zake zikapungua, mwishowe zikakatika, na mama akabaki mikononi mwa binti peke yake. Siku moja binti alimwambia wazi: achague, yeye na wajukuu, au hiyo mikweche. Mama aliendelea kufunga uzi kwenye pasi yake. Miezi saba ikapita bila kusemezana.

Asubuhi hiyo mama ndiye aliyepiga simu. Alisema tu, njoo unisaidie kutupa.

Binti alikuja hata viatu hakufunga vizuri. Alipoliona kontena barabarani, moyo wake ulipiga vigelegele kimyakimya. Amenichagua mimi, alijiambia.

Dereva wa kontena, mwanamume mnene mwenye karatasi ya masharti iliyochanika kwenye mikunjo, aliwasomea kama mwalimu anayeita majina. Mbao, ruhusa. Vyuma, ruhusa. Nguo na viti, ruhusa. Betri, rangi, dawa, matairi, mitungi ya gesi, hapana. Friji lenye gesi, hapana, hata wakimbembeleza. Mzigo usipite mstari mweupe. Angerudi saa kumi, na akikuta betri moja tu angemwaga vyote palepale wakavichambue upya.

“Kitu kikishaingia humo,” mama aliuliza, “mtu anaweza kukirudia?”

“Nikishafunga turubai, mama, umekiaga.”

Basi wakakaa sakafuni, mama na mwana, wakifungua migongo ya redio na kutoa betri. Nyingine zilikuwa zimevuja na kushikana na chuma, ikabidi zichokolewe kwa kisu. Binti alisoma vile vipande vya boksi huku akicheka. Alisema sebule ile ni wodi na mama ndiye muuguzi mkuu, tena mkali, hajaruhusu mgonjwa hata mmoja kwenda nyumbani. Mama alitabasamu nusu. Macho yake yalikuwa mekundu. Binti akasema ni hili vumbi, akasogeza feni zilizoliziba, akafungua dirisha ambalo halikuwa limefunguliwa tangu mtoto wake wa kwanza hajazaliwa.

“Mama, nimekubembeleza miaka na miaka. Nini kimekubadilisha leo?”

Mama alimsukumia redio nyingine. “Toa betri kwanza.”

Wakabeba, wakarudi, wakabeba tena. Pasi kumi na moja. Feni sita. Cherehani isiyo na gurudumu. Mama kila mara alikisoma kile kipande cha boksi kwa midomo, bila sauti, kabla ya kukiachia kitu kidondoke. Friji walilisukuma hadi uani, binti akalihurumia, maskini, hata jalala limemkataa.

Katikati ya kazi binti aliomba radhi kwa yale maneno ya kuchagua. Mama alimjibu kwamba alikuwa na haki ya kuchoka. Binti akafurahi zaidi, akaanza kupanga kwa sauti: ukuta utapakwa rangi ya maziwa, watoto watakuja kila Jumamosi, pale kwenye kona patawekwa meza yao ya kuandikia.

Chumba kilipobaki kitupu, mama alikifagia mara mbili. Akasogeza viti vyote ukutani, akaazima na benchi kwa jirani. Kisha akauliza humo wanaweza kuenea watu wangapi.

“Ishirini, wakibanana,” binti alisema. “Lakini wajukuu zako ni watatu tu, mama.”

Mama alisema nafasi ikizidi haigombani na mtu.

Saa kumi kamili dereva alirudi na fimbo ya kukagulia mzigo. Alichokoachokoa, akaibua saa ya ukutani yenye kibetri kidogo tumboni, akakitoa na kuwasamehe huku akimtikisia binti kidole. Kisha akavuta turubai. Mama alisogea, akaweka kiganja kwenye ubavu wa lile kontena na kukiacha hapo. Dereva alisubiri, akakohoa, akasubiri tena. Mwishowe mama akarudi nyuma hatua mbili, na minyororo ikakaza.

Gari lilipokata kona, binti alimkumbatia mama yake mabegani.

“Hujanijibu bado. Kwa nini leo?”

“Kaka yako aliniomba nisitupe kitu, kwamba akirudi atavitengeneza kwa mkono wake,” mama alisema. “Jana wenzake wa huko wamenipigia simu, wamemzika hukohuko. Kesho watu wataanza kuja kutupa pole, na wasingekuwa na pa kukaa.”