Land Rover ya Venant, kwa Nyuma

Venant alisukuma chapati ya mwisho juu ya Land Rover, akapangusa unga kwa kiganja, kisha akaisimamisha. Mshenga wake, Josephat, alikuwa amekwisha kumwona Mzee Luhaga akivuka daraja kwa miguu, amevaa koti.

"Anakuja," Josephat alisema. "Turubai."

Wakavuta turubai juu ya mapipa mawili na benchi, wakauegemeza mlango hapo. Ukitazama kutoka barabarani, ungeapa kwamba Land Rover imeegeshwa ndani ya banda la mabati, kichwa ndani, makalio nje, imefunikwa isiingie vumbi. Ukweli ni kwamba Venant hakuwa na Land Rover. Alikuwa na mlango wake wa nyuma.

Aliupata mwaka ule mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa kama nyanya za jioni. Gari bovu la shirika moja la pamba lilipigwa mnada vipandevipande, kama nyama ya arusi. Wenye hela walichukua injini, waliowahi wakachukua vya mbele, na Venant, ambaye hakuwahi wala hakuwa na hela, akabaki na mlango na tairi la spea lililofungwa juu yake. Tairi alimpa fundi, likawa viatu vya makatambuga. Mlango ukaanza maisha mapya.

Upande wa ndani, ulio bapa, ukawa meza ya chapati. Upande wa nje, skrubu zilizokuwa zimeshika tairi zikawa za kutundikia sufuria, na pembeni akaandika bei kwa chaki. Kila Ijumaa jirani yake Mastura aliulaza juu ya vigoda, akapigia pasi kanzu ya mumewe. Na Mastura huyohuyo aliposhikwa na uchungu, wanaume wanne walimbeba juu ya mlango huo hadi zahanati, wakipiga honi kwa midomo. Mtoto aliitwa Rahim, ingawa mtaa mzima ulikuwa umependekeza jina jingine.

Venant hakuwahi kusema ana gari. Watu waliona mlango, wakamalizia wenyewe, naye hakuwa mtu wa kuwakatiza wenzake.

Tatizo lilikuwa Odeta. Venant alimpenda hadi chapati zikaungua. Baba yake, Mzee Luhaga wa Buzuruga, karani mstaafu, alikuwa ametangaza kwamba binti yake haolewi na mtembea kwa miguu. Na alikuwa na cha kuringia. Land Rover yake mwenyewe ilichungulia kutoka kwenye banda la matofali, taa mbili zikiwakodolea macho wapita njia, na kila Jumapili kabla ya misa aliisugua boneti mpaka ikang'aa. Posa mbili zilikuwa zimekwisha kurudishwa kwa sababu waposaji walikuja na baiskeli.

"Atagundua," Venant alimwambia Odeta wiki ile.

"Hagundui. Baba akiona nyuma inamtosha."

"Na akitaka kupanda?"

Odeta alicheka hadi akashika ubavu. "Baba? Hawezi kukuomba lifti, ondoa wasiwasi."

Venant hakuona cha kuchekesha.

Sasa mzee alikuwa amefika. Venant akainama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee Luhaga alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, akiangalia kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii," Josephat alidakia. Alikuwa ameapa kwamba hatasema uongo, na kweli hakusema. "Tangu aipate, mzee, haijamwaga oili hata tone. Petroli ndiyo usiseme. Hainywi kabisa."

"Hata yangu," mzee alisema. "Mwaka wa tatu huu haijaona gereji."

"Hongera, mzee."

"Tairi la spea liko wapi?"

"Niliondoa, mzee," Venant alisema. "Hapa Mabatini wezi hawalali."

"Umefanya vizuri. Spea inaita watu nyuma ya gari."

Mara upepo wa ziwani ukaja. Turubai likainuka, na pipa moja likaonekana lote, na maandishi yake ya mafuta ya kupikia. Josephat akalirukia akalikalia. Bahati nzuri mzee alikuwa amegeuka kumwangalia kuku wa jirani, na aliendelea kumwangalia kwa makini sana mpaka turubai lilipotulia.

Kisha akasogea. Akainama kwenye kibao cha namba kilichoning'inia chini ya mlango, akakisoma kwa kidole, akarudia tena huku midomo ikicheza. Aliponyooka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Josephat, mwanangu," alisema taratibu, "hebu nitafutie soda."

Josephat aliondoka mbio. Venant akabaki peke yake na mzee. Aliona aibu, na kuliko aibu aliona huzuni. Kesho angeamka, angesukuma chapati zake, na Odeta angekuwa mke wa mwenye pikipiki.

"Mzee, naomba nikueleze ukweli."

"Nyamaza."

Mzee Luhaga alitazama kushoto, akatazama kulia, akamvuta bega na kumnong'oneza sikioni.

"Ng'ombe nilisema kumi na wawili. Lete sita, na huu mlango uje kwangu ukiwa umefunikwa. Mimi nina boneti, taa mbili na namba hiihii, lakini majirani wameanza kuzunguka kwa nyuma."